Programu huria zina masharti: hati za kukagua kabla ya kununua au kuuza mfumo

Mwezi Juni 2013 mahakama ya mkoa ya Hamburg, Ujerumani, iliamua kuwa kampuni inayouza bidhaa haiwezi kujitetea kwa ahadi ya msambazaji wake wa China kwamba programu iliyomo ndani ya bidhaa hiyo imetimiza masharti ya leseni. Mahakama ilisema muuzaji alipaswa kuikagua mwenyewe au kuwatumia wataalamu, hata kama ukaguzi huo ungemwongezea gharama.

Kesi hiyo ilihusu kampuni ya Fantec na kifaa kinachounganishwa na televisheni kwa ajili ya kuonyesha filamu. Hata hivyo, hoja iliyoamuliwa haiko mbali na wafanyabiashara wa nchi zetu wanaoagiza ruta za intaneti, visanduku vya televisheni na vifaa vya kufuatilia magari, pamoja na wasafirishaji wanaowalipa wataalamu wawatengenezee mifumo ya kufuatilia malori na mizigo. Ni vigumu leo kupata mfumo wa aina hiyo usio na programu huria ndani yake, na programu huria huja na masharti.

Makala haya yanaeleza masharti hayo ni yapi, yanaanza kumbana mtu wakati gani, na hati zipi zitunzwe tangu siku ya kwanza ya kutengeneza mfumo.

Bure, lakini ina mwenyewe

Programu huria ni programu ambayo mwenyewe ameruhusu mtu yeyote aitumie, asome msimbo wake, aubadilishe na kuugawa kwa wengine. Msimbo chanzo ni yale maandishi anayoandika mtaalamu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, na ndiyo yanayomwezesha mtaalamu mwingine kuifanyia programu marekebisho. Linux, inayoendesha seva nyingi, ruta na simu za Android, ni programu huria. Vivyo hivyo PostgreSQL inayohifadhi kumbukumbu, na Traccar inayopokea taarifa za mahali gari lilipo kutoka kwenye vifaa vya kufuatilia magari.

Wengi huchukulia kuwa kitu kinachopatikana bila malipo hakina mwenyewe, na tatizo huanzia hapo. Programu ina hakimiliki mara inapoandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Uganda ya mwaka 2006 zote zinalinda programu za kompyuta. Leseni ni ruhusa ya mwenye hakimiliki, na ruhusa hiyo ina masharti. Asiyetimiza masharti anakuwa hana ruhusa, na kila nakala anayoigawa baada ya hapo ni kazi ya mtu iliyogawiwa bila idhini.

Suala hilo liliwahi kubishaniwa nchini Marekani katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu programu ya kuendeshea treni ndogo za maonyesho. Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kuwa masharti ya leseni huria yanaweza kusimamiwa kwa sheria ya hakimiliki, ingawa mwandishi wa programu hakuwa akitoza malipo yoyote.

Aidha, msimbo uliowekwa kwenye intaneti bila leseni yoyote si wa bure zaidi. Kinyume chake, msimbo huo hauna ruhusa kabisa. Mtaalamu akiuchukua na kuuingiza kwenye mfumo wako, ameingiza mali isiyo na hati.

Makundi mawili ya leseni

Leseni ziko nyingi, lakini kwa mfanyabiashara inatosha kuzitambua kwa makundi mawili makubwa.

Kundi la kwanza ni la leseni nyepesi. Humo zimo MIT, BSD na Apache toleo la 2.0, ambayo ndiyo leseni ya Traccar. Hizi zinakuruhusu kuchukua programu, kuichanganya na ya kwako na kuuza mfumo wote bila kutoa msimbo wako. Kinachotakiwa ni kuhifadhi jina la mwenye hakimiliki na maandishi ya leseni, kisha kuyafikisha kwa anayepokea nakala. Apache inataka pia mafaili yaliyobadilishwa yaonyeshe kuwa yamebadilishwa. Ni masharti madogo, lakini ndiyo yanayosahaulika zaidi, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuweka ukurasa wa leseni ndani ya programu ya simu.

Kundi la pili ni la leseni za kurithishana. Maarufu kuliko zote ni GPL, ambayo toleo lake la 2 lilitoka Juni 1991 na toleo la 3 Juni 2007. Linux iko chini ya toleo la 2. Leseni hii inasema: ukimpa mtu nakala ya programu, iwe kama ilivyo au baada ya kuibadilisha, umpe pia haki zilezile ulizopewa wewe. Maana yake umpe msimbo chanzo kamili pamoja na maelekezo ya kuugeuza kuwa programu inayofanya kazi, au umwandikie ahadi ya kumpatia msimbo huo, ahadi inayodumu kwa muda usiopungua miaka 3. Programu yako ikiungana na ya GPL hata zikawa kitu kimoja, yote inapaswa kutolewa chini ya GPL. Ipo pia LGPL, iliyo laini zaidi, ambayo inaruhusu programu yako kukitumia kipande kilicho chini yake bila wewe kuifungua yote.

Leseni mbili huria zinaweza pia kupingana zenyewe kwa zenyewe. Programu iliyo chini ya GPL toleo la 2 pekee haiwezi kuunganishwa na ya Apache 2.0 kisha ikagawiwa, kwa kuwa masharti ya moja hayakubaliki kwa nyingine. GPL toleo la 3 iliondoa mgongano huo. Kwa hiyo mtaalamu anayejenga mfumo juu ya Traccar hawezi kuokota kipande chochote cha GPL bila kuangalia ni toleo la ngapi.

Baadhi ya programu hutolewa kwa njia mbili. MySQL, kwa mfano, hupatikana chini ya GPL, na anayetaka kuifunga ndani ya bidhaa yake bila kufungua msimbo anaweza kununua leseni ya kibiashara kutoka Oracle.

Sharti linaanza kubana lini

Tuchukue mfano wa kampuni yenye malori 40 yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Kampuni imemlipa mtaalamu amtengenezee mfumo wa kuonyesha kila lori liko wapi na limekaa mpakani muda gani. Ndani ya mfumo huo kuna kipande cha GPL kilichofanyiwa mabadiliko.

Mfumo ukitumika ndani ya kampuni pekee, kwenye seva yake na kwa wafanyakazi wake, GPL haiitaki kampuni itoe msimbo kwa mtu yeyote. Leseni hii hubana pale nakala inapotoka mkononi mwako kwenda kwa mwingine.

Mwaka wa pili kampuni inaona mfumo unafanya kazi vizuri, nayo inawauzia wasafirishaji wenzake watatu ili wauweke kwenye seva zao. Hapo nakala imetoka. Kila mmoja wa wale watatu ana haki ya kudai msimbo, na akishaupata anaweza kumpa mtaalamu mwingine auendeleze au kuugawa zaidi. Iwapo kampuni ilipanga kuishi kwa kuuza mfumo huo kama siri yake, hesabu za mradi mzima zimebadilika. Hali ni hiyohiyo pale programu ya simu inapopewa wenye malori binafsi waliokodishwa, kwa kuwa hao si wafanyakazi wa kampuni.

Iko leseni nyingine inayokwenda mbali zaidi. AGPL toleo la 3, iliyotolewa Novemba 2007, inamtaka aliyeibadilisha programu awape msimbo hata wale wanaoitumia kupitia mtandao bila kupewa nakala. Mwenye mzigo anayeingia kwenye tovuti yako kuangalia kontena lake limefika wapi anahesabika humo. Ndiyo maana baadhi ya kampuni hukataza kabisa AGPL kuingia katika mifumo yao bila idhini ya ngazi ya juu.

Ramani nazo zina leseni yake. Takwimu za OpenStreetMap, zinazotumika katika mifumo mingi ya kufuatilia magari, ziko chini ya leseni ya ODbL tangu Septemba 2012. Anayeonyesha ramani hiyo lazima ataje chanzo, na anayeboresha takwimu zenyewe kisha kuzitumia hadharani lazima atoe takwimu hizo zilizoboreshwa chini ya masharti hayohayo.

Bidhaa inapopita mikono mingi

Kesi nyingi zilizofika mahakamani zimewakuta watu ambao hawakuandika programu husika. Waliinunua ikiwa ndani ya kitu kingine, wakakiuza.

Mwaka 2003 wataalamu waligundua kuwa ruta ya Linksys aina ya WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake ilhali wanunuzi hawakupewa msimbo. Mwaka huohuo Cisco ilikuwa imeinunua Linksys kwa hisa zenye thamani inayokaribia dola milioni 500 za Marekani, na ikajikuta imenunua pamoja na deni hilo. Msimbo ulitolewa, lakini malalamiko kuhusu bidhaa nyingine za Linksys yaliendelea hadi Desemba 2008, taasisi ya Free Software Foundation ilipofungua kesi. Katika mapatano ya Mei 2009 Cisco ilikubali kumteua mkurugenzi wa kusimamia jambo hilo ndani ya Linksys, kutoa ripoti kwa taasisi hiyo, kuwaarifu waliokwisha kununua bidhaa, na kuichangia taasisi fedha ambazo kiasi chake hakikutangazwa.

Mwaka 2007 mahakama ya Munich iliamua dhidi ya Skype kwa kuuza kwenye tovuti yake simu iliyotengenezwa na kampuni nyingine, SMC. Simu ilikuwa na Linux. Karatasi iliyotaja anwani ya tovuti yenye msimbo haikutosha kutimiza GPL toleo la 2. Skype ilikata rufaa, kisha ikaiondoa Mei 2008.

Nchini Marekani, Desemba 2009 kampuni 14 zilishtakiwa kwa pamoja kuhusu BusyBox, mkusanyo wa programu ndogo unaopatikana ndani ya vifaa vingi vya kielektroniki. Miongoni mwao ilikuwamo Best Buy, kampuni ya maduka. Westinghouse Digital haikuendelea kujitetea, na mwaka 2010 mahakama ikaiamuru ilipe fidia ya dola 90,000 mbali na gharama za mawakili. Iliamriwa pia kukabidhi televisheni ilizokuwa nazo zenye programu hiyo. Mfanyabiashara yeyote anaelewa uzito wa amri ya pili: ni mzigo kuchukuliwa ghalani.

Katika kesi ya Fantec tuliyoanza nayo, mlalamikaji alikuwa Bw. Harald Welte, mmoja wa waandishi wa iptables, programu inayochuja mawasiliano ndani ya Linux. Fantec ilikuwa imesaini ahadi mwaka 2010 ya kutokiuka tena leseni hiyo. Mwaka 2012 wataalamu waliokutana Berlin walilinganisha msimbo uliotolewa na Fantec na programu iliyokuwa ndani ya kifaa, wakakuta iptables imo kwenye kifaa lakini haimo kwenye msimbo. Kwa lugha ya mpakani, orodha ya mzigo haikulingana na kilichomo ndani ya kontena. Kampuni iliamriwa kulipa euro 5,100 kwa kuvunja ahadi yake, pamoja na gharama.

Kiasi hicho si kikubwa, lakini kiasi hakitabiriki. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange kuilipa kampuni ndogo ya Entr'ouvert zaidi ya euro 650,000. Orange ilikuwa imetumia programu ya Entr'ouvert iliyo chini ya GPL katika mfumo iliouza kwa serikali ya Ufaransa baada ya kushinda zabuni. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2011. Wanaoomba zabuni za mifumo ya serikali katika nchi zetu wana sababu ya kuisoma.

Kazi ifanyike wakati mfumo unatengenezwa

Kuondoa kipande chenye leseni isiyofaa katika wiki ya kwanza ni kazi ndogo: mtaalamu anatafuta kingine kinachofanya kazi ileile. Kukiondoa baada ya mfumo kufungwa kwa wateja ni kuandika upya sehemu ya mfumo huku wateja wakisubiri. Kwa sababu hiyo usimamizi wa leseni ni sehemu ya kazi ya ujenzi, wala hausubiri siku ya makabidhiano.

Kwanza, iwepo orodha ya vipande vyote. Kila kipande kiandikwe jina, toleo, mahali kilipotoka, leseni yake, na kama kimebadilishwa. Orodha hiyo ihusishe pia vipande vinavyovutwa na vipande vingine, kwani mtaalamu anayeongeza kimoja mara nyingi huingiza makumi bila kuviona.

Pili, kampuni iandike mapema leseni zinazoruhusiwa bila kuuliza, zinazohitaji idhini, na zilizokatazwa. Mpangilio huo utategemea matumizi. Mfumo wa ndani unaweza kupokea GPL bila shida, ilhali mfumo wa kuuzwa unahitaji kufikiriwa zaidi.

Tatu, kipande kipya kiidhinishwe kabla hakijaingia, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina awajibike kwa idhini hiyo. Katika kampuni ndogo anaweza kuwa mtaalamu mkuu, mradi majibu yake yaandikwe.

Nne, msimbo upitishwe kwenye programu za ukaguzi kila toleo linapokaribia kutoka. FOSSology na ScanCode, ambazo zenyewe ni huria, husoma mafaili na kutaja leseni zilizomo. Hukosea wakati mwingine, hivyo matokeo yahakikiwe na mtu. Ukaguzi huo husaidia pia kukamata vipande vya msimbo vilivyonakiliwa kutoka intaneti bila kutajwa.

Tano, kila toleo linalotoka litunziwe nakala ya msimbo wake halisi, pamoja na maelekezo ya kulitengeneza. Msimbo wa toleo la leo hautoshi kwa mteja aliyenunua mwaka juzi. Njia nzuri ya kuhakiki ni kumpa mtaalamu ambaye hakushiriki kazi hiyo ajaribu kuutengeneza mfumo kwa kufuata maelekezo peke yake. Akishindwa, mteja naye atashindwa.

Sita, maandishi ya leseni na majina ya wenye hakimiliki yawekwe ndani ya bidhaa: katika ukurasa wa programu ya simu, katika kitabu cha maelekezo, au ndani ya kifurushi.

Mkataba useme nini

Msafirishaji anayelipa mfumo utengenezwe aweke vifungu vinne katika mkataba wake. Mtengenezaji akabidhi orodha ya vipande pamoja na mfumo. Asiingize leseni za GPL au AGPL bila idhini ya maandishi. Akabidhi msimbo chanzo wote. Na abebe gharama iwapo dai litatokea kutokana na kipande ambacho hakukitaja. Malipo ya awamu ya mwisho yafungamanishwe na orodha hiyo, kwa kuwa baada ya malipo kukamilika huwa vigumu kuipata.

Mwagizaji wa vifaa naye aulize kabla ya kulipia mzigo: ndani ya kifaa kuna programu gani huria, msimbo wake uko wapi, na je, ni wa toleo lililomo kwenye kifaa hiki? Kama hukumu ya Hamburg ilivyoonyesha, jibu la "yote yako sawa" halimkingi muuzaji. Kwa kiasi kikubwa cha bidhaa, inafaa mtaalamu afungue kifaa kimoja cha sampuli na kulinganisha.

Anayegundua kosa baada ya kuuza asinyamaze. Asimamishe ugawaji, atoe msimbo unaotakiwa, na awasiliane na mwenye hakimiliki. GPL toleo la 3 inampa mkosaji wa mara ya kwanza nafasi ya kurejeshewa haki zake akirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa. Toleo la 2 halina kifungu hicho. Chini yake haki hukatika mara kosa linapotendeka.

Soko linakoelekea

Utaratibu huu umekwisha kuwekewa viwango vya kimataifa. ISO/IEC 5230 ya mwaka 2020 inaeleza jinsi kampuni inavyopaswa kusimamia leseni huria, na ISO/IEC 5962 ya mwaka 2021 inaeleza namna ya kuandika orodha ya vipande ili kompyuta ya mnunuzi iweze kuisoma.

Umoja wa Ulaya nao umepitisha kanuni ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo sehemu yake kubwa itatumika kuanzia Desemba 2027. Lengo lake ni usalama, si leseni, lakini inamtaka mtengenezaji awe na orodha ya vipande vya programu vilivyomo. Viwanda vinavyouza Ulaya vitalazimika kuwa nazo, na mwagizaji wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini yeye asipewe.

Kwa sasa, mwenye mfumo unaotumika tayari anaweza kuanza na jambo moja: amwombe aliyeutengeneza ampe orodha ya vipande vyote na leseni zake. Akiipata ndani ya siku mbili, kazi iliyobaki ni ya kuihakiki. Akiambiwa haipo, itengenezwe kabla mfumo haujauzwa kwa mteja mwingine hata mmoja.